Sinia Ndani ya Fremu

Kijiwe chetu ni benchi moja refu lililoegemea ukuta wa chumba cha mashine ya Shangazi. Mlango wa chumba hicho haukai wazi wenyewe; tunauzuia usijipige kwa kabari mbili za chuma ambazo marehemu mumewe aliziacha. Yeye alikuwa anachapa kwa herufi za risasi. Sisi tunataka kuchapa kwa bamba jembamba, na bamba jembamba halifikiwi na roli za wino mpaka liinuliwe na kitako cha chuma. Kitako kinakaa ndani ya fremu, na fremu inasimama wima ndani ya mashine. Asubuhi hiyo fundi chuma tunayemwita Msumeno alileta kipande cha alumini, kimoja tu, akataka aambiwe akate ukubwa gani. Shangazi alikuwa ameshasema: kazi hii ikiharibika, mashine inauzwa chuma chakavu, na mimi, niliyeacha shule kabla ya mtihani, nitaenda kulea watoto wa watu. Kwa hiyo nilisikiliza kwa makini.

— Semeni basi, kahawa inapoa, alisema Msumeno, chaki mkononi.

— Ijaze fremu yote, alisema Hakimu, ambaye aliwahi kuitwa mahakamani kama shahidi na tangu hapo anatoa hukumu. Utapangaje chumba kizima halafu ulale mlangoni?

— Niijaze kwa kipimo gani?

Mita, fundi cherehani, aliondoa vikombe kwenye sinia la kahawa, la pembe nne, akalitumbukiza ndani ya fremu iliyolala kwenye benchi. Likaingia kama lililozaliwa humo.

— Kipimo hicho hapo.

— Sinia langu hilo, alisema muuza kahawa.

— Linatoa ushahidi, alisema Hakimu. Utarudishiwa.

— Ila mimi sikati kitu bila kuacha upindo, alisema Mita. Ongeza upana wa kidole kila upande.

— Upindo wa chuma naukunjia wapi? Msumeno aliuliza.

— Hilo ni la fundi chuma. La kwangu nimemaliza.

— Mita kasema kweli bila kujua, alisema Hakimu. Kikizidi kidogo tunakigongea ndani kwa nyundo. Kitakaa humo mpaka wajukuu.

— Fremu ni chuma cha kumimina, nilisema. Ikigongwa itapasuka, na hatuna nyingine.

— Binti, nyundo hata haijaletwa, ushaanza msiba, alisema Hakimu.

— Mimi naona kiwe kikubwa kuliko mashine yenyewe, alisema Mita. Mteja akikiona tangu barabarani anajua hapa pana kazi.

— Na kwenye mashine kitaingiaje? Msumeno aliuliza.

— Mteja haulizi hayo.

Shangazi aliitazama mashine kama mtu anayeaga mgonjwa.

— Kata kama sinia, alisema. Bila upindo, bila nyundo.

Msumeno alilichomoa sinia, akalizungushia chaki juu ya alumini, akalirudisha kwenye fremu. Alikuwa ameshika msumeno tayari alipotokea mwanamke mmoja mwenye kadi mkononi.

— Samahanini, hapa ndipo panapochapwa kadi za harusi?

— Patachapwa, alisema Hakimu. Keti, tunakata kitako.

Mwanamke alitazama ile chaki, akatazama fremu, akachungulia mashine.

— Hiyo fremu inakaa imelala hivyo?

— Inasimama wima, nilimjibu.

— Sasa ikisimama, hicho kitako kitashikwa na nini kisidondoke?

Mita alitafuta uzi kwenye mkono wa shati lake. Msumeno aliinua fremu ikasimama, na sinia likadondokea miguuni mwa Hakimu kwa kelele zilizowatoa majirani nje.

— Ongeza kahawa, alisema Hakimu.

Muuza kahawa aliinamisha birika. Halikutoa kitu.

Mimi nilikuwa natazama mlango. Kila siku nafagia kuzizunguka zile kabari. Niliinama nikazitoa, na mlango ukajipiga kwa kishindo. Kabari zilikuwa na wino mkavu ubavuni, alama kwamba zamani zilibania herufi ndani ya fremu. Nikazilaza ndani ya fremu, moja ikitazama huku na nyingine kule, nikazisukuma zikabanana. Mita akalileta lile sinia la ushahidi. Likagoma kuingia.

— Tuonyeshe kadi yako, mama, alisema Shangazi.

Mwanamke aliiweka juu ya alumini. Ilikuwa ndogo ndani ya ile chaki kama mtoto kwenye kitanda cha wakubwa. Msumeno aliifuta chaki kwa kiwiko, akachora upya, akiacha nafasi ya kabari na ya vipande vya mbao vya kujazia pembeni.

— Ndicho nilichosema tangu mwanzo, alisema Hakimu. Isijazwe.

Msumeno alianza kukata, na nyuma yetu mlango ukajipiga tena, na tena, maana kabari zilikuwa kazini.