Wajibu Unaokwenda Likizo

Mchana wa kanivali, kwenye tramu ya mji wa Basel, Uswisi, Vreni alijifanya anatazama dirishani, kumbe masikio yote yalikuwa kiti cha nyuma. Mzee mmoja, aliyepakata kinyago chenye pua kubwa kama bilinganya, alikuwa anaitetea sheria ya kukataza kufunika uso mbele ya mama asiyemjua hata jina. "Kumwonyesha jirani uso wako ni wajibu, mama. Mtu mwema anajificha nini?"

"Na hilo pua lako?"

"Hii mila! Sheria yenyewe imeturuhusu siku tatu za kanivali."

"Basi usiniambie wajibu. Wajibu gani huo unakwenda likizo siku tatu? Ama utubane sote, ama mwenye nikabu mwacheni ajipitie zake."

"Wee mama, unapenda ubishi!"

"Jibu kwanza."

Vreni, aliyeipigia sheria ile kura ya ndiyo bila kuumiza kichwa, naye alilisubiri hilo jibu. Tramu ikasimama. Mzee akavaa kinyago. Kwenye kanivali ya Basel, aliyevaa kinyago hana jina, na ruhusa anayo ya kusema ukweli wowote. Akamwinamia mama, akabana sauti: "Umenishinda. Lakini ukinikuta kesho bila pua hii, nitaruka kimanga."

Akashuka.