Mjomba Alikataa Kushuka

Wazee wangu, shikamooni. Na ninyi mama zangu wa chama chetu cha kuzikana. Mwenyekiti kaniambia nisimame, maana kuna vijana wetu wanaanza kuendesha trekta wiki hii. Mnanijua, mimi si mtu wa kuzunguka maneno. Nitasema, nikae.

Nilipotoka sekondari nilirudi hapa Mikindani, nikaajiriwa udreva na kampuni inayofyeka vilima huko nyuma ya mji kwa ajili ya mikorosho. Msimamizi alitufundisha: kwenye mteremko panda wima, shuka wima, gia ndogo, ukigeuza geuza polepole. Na juu ya trekta ni mtu mmoja tu, yule mwenye stelingi. Hakuna wa pili.

Sasa ndugu zangu, mjomba wangu ndiye aliyenilea. Nani hapa asiyejua kwetu mjomba ni nani? Baba anakuzaa, lakini mwenye wewe ni mjomba. Asubuhi ile alikuja na kanzu yake ya Ijumaa, akapanda akakaa kwenye madigadi, lile bati la juu ya gurudumu kubwa. Nikamwambia, "Mjomba, naomba ushuke. Kilimani haturuhusiwi wawili."

"Mimi nilikubeba mgongoni kukutoa jandoni," akasema, "leo wewe unanishusha kwenye bati?"

Watu waliokusanyika pale chini ya kilima kututazama wakacheka. Nikarudia. Akaniuliza kama huko sekondari ndiko wanakofundisha kufukuza wajomba. Wakazidi kucheka. Mashine inanguruma, jua linapanda, mvua zimekaribia na kilima hakijaisha. Nikaingiza gia.

Nilipanda wima. Kule juu lazima kugeuza, na mjomba alikuwa upande wa bondeni. Akasimama awapungie watu wake waliokuwa chini. Gurudumu la upande wa juu likapanda kisiki. Mimi nilirushwa kwenye majani. Yeye trekta ilimlalia.

Nawaambia, mlimzika ninyi. Mimi sikuweza hata kushika jeneza. Mama yangu, ambaye marehemu alikuwa kaka yake wa pekee, aliacha kuniita jina. Chakula akiweka, anaweka kama anamwekea mgeni asiyempenda. Kazi wakanisimamisha. Kila trekta ikinguruma kule juu naziba masikio. Nikaona bora nitembee mpaka Ruvuma, nivuke, nipotelee huko ng'ambo ambako hakuna anayejua nimemuua nani. Nilifunga nguo zangu kwenye shuka.

Nilikuwa nimefika njia ya Msimbati mkaza mjomba aliponikuta, yule mjane mwenyewe, anatoka kuchimba muhogo. Akaangalia lile furushi.

"Nilikuwepo," akasema. "Nilikusikia ukimwambia ashuke, mara mbili. Na mimi nilicheka, mwanangu. Nilicheka kuliko wote. Sasa kama wewe unahama, na mimi nihamie wapi?"

Alikaa chini pale njiani akalia, nami nikakaa. Hakusema amenisamehe. Wala hakusema sina kosa. Alipomaliza kulia akanitwika kapu la muhogo, tukarudi.

Wazee wangu, siwalaumu. Wengi wenu mlikuwepo siku ile, mlicheka, na mimi ningecheka. Lakini cheko lile lilinimaliza nguvu. Nilikuwa nabishana na mjomba kwa mdomo, na mkono wangu uko hapo hapo kwenye swichi ya kuzima.

Namshukuru mkaza mjomba. Nawashukuru wawili wenu mliokwenda kwa msimamizi kuniombea mpaka nikarudishwa. Sijapona. Usingizi bado ni wa kuvizia, na mama hata leo hanisemeshi, yuko pale nyuma, ananisikia.

Kwa ninyi mnaoanza nina hili tu. Mtu akipanda, usimbembeleze, usimheshimu kwa kumbeba. Zima mashine, chukua ufunguo, shuka, kaa chini. Juzi kule kilimani alipanda mzee mmoja, rika la marehemu. Nikazima, nikakaa. Aliniita mwanaharamu, mtoto asiye na kwao, akauliza mjomba wangu alinifunza nini. Mimi nimekaa tu, ufunguo mkononi. Mwishowe akashuka, akaenda kwa miguu huku ananitukana mpaka bondeni, nami namsikia, mpaka akaingia nyumbani kwake, kwa mkewe.