Migomba ya Jasper

Mtumbwi ulikuwa ukivuka mto Tana kwenda kijiji cha Wenje. Dinah, abiria wa tatu, alikaa nyuma, masikio yake yakiwa mbele, kwa abiria wawili wasiojuana.

"Mama, mimi ni Jasper Buya," alisema mzee. "Nilikuwa mchumi wizarani, kisha nikafundisha chuo kikuu. Nimestaafu. Sijui kama shamba langu bado lipo."

"Kumbe ndiye wewe, shemeji! Mimi niliolewa hapo jirani. Kila mafuriko yakishuka tunakupandia mstari wa migomba, ijulikane shamba lina mwenyewe."

Mtu aliyezoea kushauri mawaziri, Dinah akawaza, leo anatafuta ushauri kwa mama mkulima.

"Na nikishindwa kulima?"

"Tutakucheka," mama alisema. "Lakini utakuwa kwenu."

Mtumbwi ukagusa matope. Mzee akainama, akavua viatu.