Bi Zoubeida Fazul, Mkunga Aliyelitunza Kondo la Mwanawe

Marehemu Bi Zoubeida binti Fazul alizaliwa tarehe 14 Machi 1952 huko Marodoka, kisiwani Nosy Be, Madagaska. Baba yake alikuwa fundi wa kukamua mafuta ya langilangi, na nyumba nzima ilinukia maua hayo mpaka kwenye wali. Utotoni alipenda kukaa karibu na mtambo akitazama mvuke ukipita katikati ya maua.

Alisoma mjini Hell-Ville, hukohuko kisiwani, kisha mwaka 1970 akaja Mahajanga kujifunza ukunga. Alihitimu mwaka 1973. Walimu wake walisema ana mikono mizuri na mdomo mrefu, na hakuna hapa anayeweza kubisha.

Tarehe 9 Agosti 1975 aliolewa na Houmadi Msa, fundi cherehani wa Tsaramandroso, mtu wa asili ya Ngazidja, Komoro. Walipendana waziwazi, hata majirani wakaona haya kwa niaba yao. Mapema Disemba 1976, mimba ikiwa na miezi sita, Bi Zoubeida alirudi kwa mama yake Marodoka kungojea uzazi wa kwanza, kama ilivyo desturi yetu. Wiki mbili baadaye Wakomoro wengi waliuawa katika ghasia hapa Mahajanga. Houmadi alinusurika, akasafirishwa Komoro pamoja na wengine. Mwezi Februari ilifika barua yake: "Mtoto akizaliwa, kondo lake lisizikwe na mtu mwingine. Nakuja kulizika mwenyewe."

Kwetu baba ndiye huzika kondo la nyuma la mtoto wake, mbele ya mlango wa nyumba yake. Nadjma alipozaliwa tarehe 2 Machi 1977, mama yake aliliosha kondo lile, akalitia chumvi, akalifunga kwa kitambaa cheupe na kuliweka katika chungu. Akangoja.

Mtoto alikuwa na kilo moja na gramu mia tisa. Kondo nalo lilikuwa dogo. Shangazi Hasnati alitazama vyote viwili, akasema, "Zoubeida, umemlisha mtoto machozi." Neno hilo lilimkaa rohoni miaka kumi na tisa.

Barua za Houmadi zilikoma mwaka 1979. Mwaka 1981 Bi Zoubeida aliamua kurudi Tsaramandroso, kwenye nyumba ileile, kwa sababu mumewe angemtafutia hapo. Alisafiri na Nadjma ubavuni na chungu mapajani. Abiria mmoja aliyekuwa na njaa alimuuliza, "Mama, hiyo achari unauza?" Akajibu, "Ina mwenyewe, anakuja." Alikuwa akituhadithia hayo huku akicheka.

Alifanya kazi miaka thelathini katika zahanati upande wa Belobaka. Alipima kila mtoto, na baada yake alipima kondo, hata wenzake walipomcheka. Wajawazito aliwaeleza kazi ya kondo kwa mfano wa mtambo wa baba yake: mvuke hupita, maua hubaki. Ndivyo damu ya mama na damu ya mtoto zisivyochanganyika, lakini sukari na hewa hupita katika ukuta mwembamba wa kondo, na uchafu wa mtoto hurudi kwa njia hiyohiyo. "Tena kondo halikai tu kungoja kupewa," alisema. "Vingine linavivuta lenyewe. Likiumwa, mama atakula sahani tatu na mtoto abaki mdogo."

Mwaka 1996 aliitwa kwenye mafunzo hapa mjini. Daktari aliwaonyesha kwa darubini kipande cha kondo la mama aliyezaa mtoto mdogo, kilichojaa vidoa vyeusi. Akasema malaria hujificha humo na kuziba njia za chakula, wakati mama anahisi homa ndogo tu. Bi Zoubeida alikumbuka homa zake mbili za Januari 1977. Aliuliza, "Na huzuni, daktari?" Akajibiwa, "Huzuni sina kipimo chake, mama. Homa ninacho." Alirudi nyumbani akamshika Nadjma mikono, akamwambia, "Mwanangu, sikukunyima." Tangu hapo mjamzito aliyelala bila chandarua alimkoma.

Mwaka 2017 aliugua figo. Alifariki nyumbani Tsaramandroso, Jumapili tarehe 9 Juni 2019 alfajiri. Siku mbili kabla, Nadjma alimuuliza kama azikwe na chungu chake. Alikataa. "Kondo ni lako, nawe u hai. Chimba mlangoni." Nadjma akamkumbusha kuwa hiyo ni kazi ya baba. Akasema, "Najua. Nilikuwa namwachia nafasi."

Leo asubuhi, kabla jeneza halijatoka, Nadjma, yule mtoto wa kilo mbili kasoro ambaye leo hapiti mlangoni bila kugeuka upande, alishika jembe mwenyewe, akalizika kondo lake mbele ya mlango. Jeneza la mama yake litapita juu ya udongo huo.

Marehemu ameacha binti mmoja, Nadjma. Wajukuu wawili, Tadjiddine na Laïla. Na mdogo wake, Mariamou. Kama Houmadi yu hai popote alipo, ameacha na mume.

Mola amlaze mahali pema. Apumzike sasa, amengoja vya kutosha.