Mama Pélagie Nabintu na Siri za Watoto wa Rubondo (1971–2025)

Ndugu, jamaa, waumini, na ninyi vijana mliojibana huko nyuma kama kawaida yenu: haya ndiyo maisha ya mama yetu Pélagie Nabintu. Ni kwa kifupi, maana hotuba ndefu zilimchosha, hasa zake mwenyewe.

Alizaliwa tarehe 2 Septemba 1971 huko Walungu, Kivu ya Kusini, mtoto wa tatu kati ya saba. Alisoma shule ya msingi hapohapo, kisha ualimu Bukavu, akapata diploma mwaka 1991. Alikuwa wa kwanza katika ukoo kuipata. Wengine bado wako njiani.

Alifundisha darasa la tatu kwa miaka ishirini. Mwalimu mwenzake, Néhémie Byamungu, alimposa kwa barua ya kurasa nne. Ilirudi imesahihishwa kwa wino mwekundu, na chini yake neno moja: ndiyo. Walifunga ndoa tarehe 17 Julai 1993 na kujaliwa watoto wawili.

Mwaka 2012 vita viliwaleta huku Uganda, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, wakapewa kiwanja kijiji cha Rubondo. Walilima maharage, na kanisa likamkabidhi vijana. Hapo ndipo hofu ilipomshika. Watoto wa darasa la tatu aliwaweza. Hawa wa miaka kumi na tano humtazama mtu mzima kama redio iliyoisha betri. Aliogopa neno lake moja lisije likampoteza mtoto wa mtu.

Na lilimpoteza. Vijana walikuwa na desturi ya kuandika maombi kwenye vikaratasi bila majina, naye akiyasoma kwa sauti ili wote waombe. Jumamosi tarehe 8 Juni 2019 alisoma kimoja: binti aliomba Mungu amzuie baba yake asimwoze kwa mfanyabiashara mwenye pikipiki nyekundu. Jina halikuwamo, lakini pikipiki nyekundu Rubondo ilikuwa moja tu, na kila mtu alijua siku hizo inaegeshwa nyumbani kwa binti gani. Vichwa vyote vikageuka. Gisèle, miaka kumi na sita, akainuka, akatoka, na nyumbani hakufika.

Siku tatu Mama Pélagie hakula. Alimtafuta hadi Isingiro, halafu Mbarara, akampata mtaa wa Nyamitanga kwa shangazi wa binti, jikoni, akimenya matoke. Njiani alikuwa amejipangia mistari kumi na miwili ya Biblia. Hakutumia hata mmoja. Alichukua kisu, akakaa kando yake, akamenya. Sufuria ilikaribia kujaa ndipo binti akasema:

"Maman, ulisoma maneno yangu mbele ya batu bote."

"Nilikosa, mwanangu. Sikukuwaza wewe, niliwaza programu."

"Na sasa utaenda kumwambia nani?"

"Hakuna. Uniambie wewe, nimwambie nani, ao ninyamaze."

Gisèle akamtuma kwa baba yake. Mzee alikataa mara mbili. Mara ya tatu alichoka kumwona mlangoni, na posa ikarudishwa.

Tangu hapo vikaratasi havikusomwa tena. Viliombewa vikiwa vimekunjwa. Kila Alhamisi saa kumi alikaa kwenye benchi la kanisa, mlango wazi, ili anayeongea naye aonekane na wapita njia lakini asisikike. Aliuliza swali moja, kisha alingoja. Vijana walikuja mmoja mmoja.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2023. Mwezi uliopita alilazwa Mbarara, na pale kitandani alikuwa akiuliza jambo moja tu: leo ni siku gani? Kuna kijana aliyemwahidi kuja benchini Alhamisi ile kumweleza jambo zito, naye alitumaini angekuwa amesharuhusiwa kurudi. Gisèle, aliyekuwa akimuuguza, alimsihi amtaje. Alikataa. "Hakunipa ruhusa," alisema. Alifariki Jumatano tarehe 12 Machi 2025, akiwa na miaka hamsini na mitatu. Kesho yake, Alhamisi, kanisa lilikuwa limefungwa, sote tulikuwa msibani, na hakuna ajuaye nani alifika akakuta kufuli.

Ameacha mume, Néhémie, watoto, Mihigo na Aurore, wajukuu wanne, dada yake Cansilde aliye Bukavu, na Gisèle, ambaye hakumzaa.

Basi wewe uliyekuwa uje: pengine uko hapa, pengine umeinamisha kichwa ili usijulikane. Wenzako, msigeuke kumtafuta. Jina lako halikutoka kinywani mwake. Alhamisi hii saa kumi Gisèle atakuwa kwenye benchi, mlango wazi, na hatakuharakisha. Tafadhali njoo.

Mungu amlaze mama yetu pema, na asiachwe tena mtoto yeyote mlangoni peke yake.