Mkono Unaoinuliwa Lakini Hauinuki

Ndugu zangu, acha nianze na aibu tumalizane nayo. Mimi, baba ya watoto watatu, nilikatwa fulana na makasi na mathe mmoja, jirani yangu hapa mtaani Karagita. Kichwa ndani, mkono umekataa kutoka. Wapangaji wa ploti yote walitoka kuangalia. Mtu akauliza, "Mathe, unanyoa kondoo?"

Bega lilianza kazini, kwa grinhausi ya maua, nikivuta karatasi ya paa siku ya upepo. Kitu kikalia tap! Nikasema ni baridi. Sisi watu wa huku kila kitu ni baridi, si ndio? Nikasuguliwa mafuta ya mbuni na bibi yangu mpaka mbwa wakaanza kunifuata.

Sasa sikizeni ajabu. Nikiinua mkono mwenyewe, unafika kwa kifua unagoma. Supavaiza akaushika, akauinua, ukaenda mpaka juu! "Si huu unaenda? Wewe ni mvivu." Picha ya mfupa niliyopigwa hospitali nayo ikatoka safi. Supavaiza akaniambia wiki ijayo nirudi kwa paa ama niende nyumbani kabisa. Nawaambia ukweli, hata mimi nilianza kujishuku. Nilikuwa nagombeza mkono kwa choo: "Inuka, wewe!"

Halafu dada mmoja wa mazoezi ya viungo, hospitali huko Nakuru, akafanya kile kile. Akauinua mpaka juu. Nikajua nimekwisha.

"Sasa naachilia. Ushikilie hapo."

Mkono ukaanguka puu!

"Pole, madam."

"Pole ya nini? Hiyo ndiyo nilikuwa natafuta."

Akanieleza. Mfupa wa mkono hapo kwa bega ni kama mpira umekaa kwa sahani ndogo. Misuli minne inaushikilia na kamba zake. Kamba yangu moja imeraruka. Mtu mwingine akiinua, mkono unaenda. Mwenyewe huna cha kuvutia. Na ile picha huonyesha mfupa, kamba haionyeshi. Darasa la saba sikumaliza, lakini hiyo niliishika! Nikauliza kama kuku pia ako na hizo kamba. Watu wa foleni wakanung'unika.

Akampigia supavaiza simu, nikapewa kazi ya kufunga maua mezani. Wengine hupasuliwa, mimi ilikuwa mazoezi, vidole vikipanda ukuta kama buibui, miezi na miezi. Leo naanika nguo mwenyewe.

Asante kwa huyo dada, kwa bibi yangu, na kwa mathe wa makasi. Bega likigoma, usisugue tu, nenda lipimwe. Na mwenzako akisema anaumwa, usimwite mwongo kwa sababu wewe huoni kitu.

Juzi niliongea haya kazini. Rafiki yangu, yule alinicheka kushinda wote, akanivuta kando.

"Boss, huyo madam anapatikana siku gani? Mimi nachana nywele na mkono wa kushoto tangu mwaka jana."