Dkt. Verna Haugland na Jina Lililobaki Kwenye Kesi

Dkt. Verna Marie Haugland alizaliwa tarehe 9 Machi 1954 mjini Devils Lake, Dakota Kaskazini. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya wawili wa Nils na Agnes Haugland, wakulima wa ngano.

Alisoma Devils Lake, kisha Chuo Kikuu cha Dakota Kaskazini, alikohitimu udaktari mwaka 1980. Mama yake alisimulia kwamba Verna akishika nafasi ya pili darasani hakulia. Aliuliza wa kwanza ni nani, na anakaa wapi.

Tarehe 18 Juni 1983 alifunga ndoa na Orrin Bakke, fundi wa matrekta. Walijaliwa binti mmoja, Solveig.

Mwaka uliofuata alifungua kliniki ya uzazi mjini Bismarck pamoja na Dkt. Roberta Kessel. Februari 1996, mtoto waliyekuwa wakimzalisha pamoja alikwama bega wakati wa kuzaliwa, na mkono wake wa kulia ukabaki dhaifu. Wazazi waliwashtaki madaktari wote wawili. Wakili wa Roberta alifanikiwa kumtoa kwenye kesi. Verna alitaka kujitetea mahakamani, lakini kampuni ya bima, ambayo mkataba uliipa neno la mwisho, ililipa ili mambo yaishe. Malipo yakaripotiwa kwenye kanzidata ya taifa ya madaktari kwa jina la Verna peke yake.

Baraza la madaktari la jimbo lilichunguza, likamwachia leseni. Hata hivyo, hospitali huangalia kanzidata hiyo kabla ya kumruhusu daktari kuzalisha. Hospitali yake haikumwongezea ruhusa, na nyingine mbili zilimkataa. Kwa miaka kumi na moja alipima wajawazito kliniki, kisha akawakabidhi kwa Roberta wakazalishwe.

“Yeye akiulizwa kama amewahi kulipiwa kesi, anajibu hapana, anakwenda kula,” alimwambia mumewe. “Mimi najibu kurasa nne.”

“Mama Solveig, huo ni wivu.”

“Ni wivu, ndiyo. Nipe chumvi.”

Mwaka 2009 aliomba kuzalisha katika hospitali ndogo ya kwao, Devils Lake. Kamati ilisita. Roberta aliendesha gari kwenye theluji, bila kuitwa, akawaambia: “Nilikuwa upande wa pili wa kitanda. Tuliamua pamoja. Mimi niliokolewa na wakili tu.”

Verna alipewa ruhusa. Akina mama wa kanisani wakamsifu Roberta kwa ukweli wake.

“Ukweli huohuo nimeueleza miaka kumi na moja!” Verna alisema. “Yeye kausema mara moja, kaokewa keki!”

Kipande alikula. Akazalisha kwa miaka tisa, hadi alipostaafu.

Saratani ya kongosho iligunduliwa Januari 2022. Roberta alimtembelea kila Alhamisi.

“Huna hata mvi, shoga,” Verna alimwambia. “Nakuchukia.”

“Nimepaka rangi.”

“Afadhali.”

Alifariki dunia nyumbani tarehe 14 Novemba 2022, Orrin na Roberta wakiwa kando yake.

Ameacha mume, Orrin, binti, Solveig, wajukuu wawili, Anders na Britta, na mdogo wake, Leland, anayesoma wasifu huu. Ameacha pia Dkt. Roberta Kessel, ambaye marehemu aliagiza atajwe kama dada, na atajwe wa mwisho.

Alale salama katika udongo wa kwao.